Kuthamini nyumba na mali ya marehemu Lamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Vitanga vikishakunjwa na hitima ikishasomwa, ndipo maneno huanza. Nani abaki nyumbani? Shamba la bara tulifanyeje? Halafu linakuja lile swali ambalo kila mtu analiogopa: nyumba hii ni ya shilingi ngapi?

Wanaokuja kuomba msaada wa karatasi za mirathi huuliza karibu yale yale, basi nimeyaandika hapa pamoja na majibu. Mengi yanahusu kisiwa cha Lamu na familia za Kiislamu zinazokwenda kwa Kadhi. Panapohusu Malindi, mashamba ya bara au wasio Waislamu, nimesema.

Kwani ni lazima tuthamini? Sisi ni ndugu, hatuna ugomvi.

Si lazima kila mara. Kama mumekubaliana kuuza kwa mtu wa nje na kugawana pesa, bei aliyolipa mnunuzi ndiyo thamani, mradi muliuza kwa uwazi. Na kama nyinyi nyote mutabaki mukiishi pamoja kwa sasa, mnaweza kungoja, ingawa kungoja kuna hesabu yake, nitaieleza mbele.

Tathmini inahitajika pale mmoja anapochukua nyumba na kuwalipa wenzake, jambo ambalo mashekhe huliita takharuj. Inahitajika pia mali ikiwa vipande vipande, mmoja apewe nyumba na mwingine shamba, na mizani isawazishwe. Inahitajika kukiwa na mrithi mtoto, kwa sababu mtoto hawezi kusema "nimesamehe". Na inahitajika marehemu akiwa ameacha wasia, maana wasia hauvuki thuluthi, na huwezi kujua thuluthi ya kitu ambacho hujui uzima wake.

Kuhusu "hatuna ugomvi": ugomvi mwingi niliouona ulianza miaka 5 au 10 baada ya watu kusema neno hilo hilo.

Nani ana ruhusa ya kuthamini? Dalali wetu anajua bei zote za mtaa.

Dalali anajua bei anayotumaini kuuzia, na asilimia yake imo ndani. Msikilizeni, lakini karatasi yake haina uzito mahakamani. Kazi hii kwa sheria ya Kenya ni ya mthamini aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Wathamini, Sura ya 532, na anayesimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini. Mwombeni awaonyeshe cheti chake cha kufanyia kazi cha mwaka huu. Asiyetaka kukionyesha, mshukuruni na mwondokee.

Muulizeni pia swali moja zaidi: umewahi kuthamini nyumba ya mawe ya Lamu? Wengi hutoka Mombasa, Malindi au Nairobi, na ni watu hodari kwa maghorofa ya saruji. Niliwahi kushika ripoti ya nyumba iliyoko ndani kabisa ya mtaa ambao punda wawili wenye shehena hawapishani, na ripoti ikasema nyumba ina nafasi ya kutosha ya kuegesha gari. Mwenyewe hakuvuka maji. Alitumiwa picha kwa simu, mengine akayajaza kutoka ripoti nyingine. Familia ilikuwa imeshalipa.

Kaka mkubwa anasema nyumba ni milioni 10. Tofauti itatuumiza kiasi gani?

Hebu tuhesabu, maana hapa ndipo penyewe. Chukua mfano: marehemu ameacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu, na mali yote ni nyumba moja mtaa wa Mkomani, mjini Lamu. Madeni yamelipwa, wasia hakuna. Mke ana thumuni, moja ya nane. Saba ya nane zilizobaki wanagawana watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja: manne ya wana na matatu ya mabinti, jumla saba. Kwa hiyo kila binti anapata moja ya nane na kila mwana mbili za nane. Hesabu tamu hii, haina masalio.

Sasa kaka mkubwa anataka kuichukua nyumba na kuwalipa wenzake. Kwa milioni 10, kila binti anapata 1,250,000, na mama kadhalika. Akija mthamini akasema milioni 16, kila binti anapata 2,000,000. Kila mmoja alikuwa apoteze 750,000 kwa neno la "nani atanunua gofu hili?" Kwa upande wa kaka, badala ya kuwalipa wenzake milioni 7 na nusu, anatakiwa kuwalipa milioni 12. Tofauti ya milioni 4 na nusu ilikuwa iingie mfukoni mwake bila mtu kuiba kitu wala kusema uongo mkubwa.

Simsemi vibaya kaka. Mara nyingi yeye ndiye aliyebaki na wazee, akapaka chokaa, akalipa maji. Lakini hayo yana mlango wake (tazama swali la ukarabati). Yasipitishwe kwa mlango wa nyuma wa bei ya chini.

Na kitu kingine: ni halali kabisa dada akijua haki yake ni milioni 2 akasema "nipe milioni moja, iliyobaki nimekuachia". Hilo ndilo takharuj. Lakini aseme akijua. Mtu hawezi kusamehe asichokijua.

Ichukuliwe bei ya siku aliyokufa au ya leo?

Mafungu yanafungika siku ya kufa: nani mrithi na ana fungu gani huamuliwa na pumzi ya mwisho ya marehemu. Bei ni jambo jingine. Maadamu mali haijagawanywa, imepanda kwa wote na imeshuka kwa wote, kwa hiyo kwa ugawaji mnahitaji bei ya sasa, iliyo karibu kadiri iwezekanavyo na siku ya kutia saini. Ripoti ya mwaka juzi ifanyiwe upya.

Wakati mwingine thamani ya siku ya kifo nayo inahitajika, hasa kukiwa na kesi ya kutaka kujua mtu fulani alichukua nini wakati ule. Mthamini anaweza kurudi nyuma kwa kutumia mauzo ya miaka hiyo. Mwambieni mapema, asije akapanda boti mara mbili kwa pesa zenu.

Mthamini anatazama nini hasa katika nyumba ya mawe?

Hapa nitakaa kidogo. Kwa kawaida kuna njia tatu za kupata thamani: kulinganisha na mauzo ya nyumba za aina hiyo, kuhesabu kodi inayoweza kuingia, au kuhesabu gharama ya kuijenga upya kisha kupunguza uchakavu. Kwa nyumba ya bloki kule Langoni nyuma au Mokowe, zote tatu hutembea vizuri. Kwa nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa iliyosimama tangu enzi za mababu wa mababu, ile ya uchakavu inakwama. Nyumba imechakaa vipi na kuta zake ni nene kuliko urefu wa mkono wangu? Na kuijenga upya kwa zidaka (vishubaka vya ukutani) na nakshi za plasta kunataka mafundi ambao idadi yao inapungua.

Kwa hiyo mthamini mzuri hukaa kwenye kulinganisha, halafu hukagua kwa makini. Kwanza boriti. Vyumba vyetu ni vyembamba na virefu kwa sababu upana wake ndio urefu wa boriti ya mkoko, na boriti ndizo zinazobeba sakafu ya juu yenye uzito wa mawe na chokaa. Zikiwa zimeliwa na mchwa au zimeoza pale zinapoingia ukutani, gharama ni kubwa, na ipunguzwe kwenye bei. Kisha unyevu na chumvi inayopanda ukutani, mara nyingi mahali ambapo mtu alipiga saruji juu ya chokaa akidhani anasaidia. Kisha maji: kuna kisima? Ni cha maji matamu? Kiwanda, yaani ua wa ndani, kimeachwa wazi au kimeezekwa? Sabule, yaani chumba cha wageni, ina ngazi yake ya kuingilia mgeni? Hilo la mwisho lina pesa, kwa sababu sehemu inayoweza kukodishwa peke yake huingiza kodi bila kusumbua wenye nyumba.

Mahali nako. Kutazama bahari ni bei moja, Ndia Kuu, njia kuu ya mji penye maduka, ni nyingine, na ndani ya mtaa ni nyingine tena, hata kama daka (baraza ya mlangoni) na mlango vinafanana.

Mwonyesheni mipaka ya juu, si ya chini tu. Wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia, linaweza kuwa la nyumba yenu nalo limekalia ukuta wa jirani, na kuna nyumba ambazo ghorofa ya chini ni ya tawi moja la ukoo na ya juu ni ya tawi jingine. Asipoambiwa, atapima chote mulichomfungulia mlango.

Mwisho, mji wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na majengo na vitu vya kale vinalindwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006. Huwezi kuvunja na kuinua ghorofa unavyotaka. Wengine husema hilo linashusha bei, wengine linapandisha. Kwa maoni yangu inategemea mnunuzi: anayetaka kiwanja cha kujengea duka atalia, anayetaka nyumba ya Kiamu atalipa. Mthamini aeleze katika ripoti amechukua upande gani na kwa nini.

Nyumba ya Shela iliuzwa kwa pesa nyingi sana. Si yetu ingekuwa hivyo hivyo?

La. Bei za Shela zimesukumwa na wageni wanaotaka ufuo na nyumba iliyokwisha kutengenezwa. Nyumba ya mjini ilinganishwe na ya mjini.

Nani amlipe mthamini?

Mali ya marehemu, kabla ya kugawanywa, ndiyo njia safi. Akilipwa na mmoja peke yake, hata akiwa mwaminifu kama kinara, wengine watasema ripoti ni ya huyo mmoja. Barua ya kumwita iandikwe kwa niaba ya warithi wote na wote waitie saini, na nakala ya ripoti imfikie kila mmoja. Ada iandikwe kabla, pamoja na nauli, boti na malazi.

Nyumba bado ina jina la babu yake baba. Tunaweza kuthamini?

Kuthamini mnaweza. Kugawa ndiyo kazi. Mashekhe huita hali hii munasakhat: mrithi anakufa kabla ya kupata fungu lake, na fungu lile linakuwa mirathi yake yeye.

Rudi kwenye mfano wetu. Mama mwenye thumuni akifa kabla ya ugawaji, na mama yake mzazi yu hai, basi bibi huyo ana sudusi (moja ya sita) ya thumuni ile, yaani moja ya 48 ya nyumba yote. Kwenye milioni 16 ni shilingi 333,333 na senti. Bibi naye akifa, fungu lake linakwenda kwa warithi wake, nao ni wajomba na mama wadogo wa watoto wale, pengine wako Faza au Siyu na hawajawahi kukanyaga kwenye daka lile. Sasa wana haki ndani yake. Rudisha hayo vizazi vitatu nyuma na utaelewa kwa nini kuna magofu Lamu ambayo kila mtu anajua ni ya ukoo gani na hakuna awezaye kuyauza. Hii ndiyo hesabu ya kungoja niliyoitaja.

Hatua: andikeni shajara ya nasaba, yaani mti wa ukoo: nani alikufa lini na aliacha nani, maana tarehe za vifo ndizo zinazoamua. Tafuteni hati, hata kama ni ya zamani ya Kiarabu, itafsiriwe, msiitupe. Fanyeni utafutaji kwenye ofisi ya ardhi kujua sajili inasema nini leo. Mpelekeeni Kadhi mti wa ukoo na hati. Mthamini mwiteni baadaye, maana thamani ya jengo zima ni moja tu hata warithi wakiwa 5 au 55.

Nyumba nyingine babu aliweka wakfu. Nayo ithaminiwe?

Wakfu haurithiwi wala hauuzwi kama mali ya kawaida, kwa hiyo hauingii kwenye hesabu ya mirathi, hata ukiwa wakfu wa kizazi ambao manufaa yake wanakula jamaa. Kama kuna shaka ni wakfu au si wakfu, limalizeni kwanza kwa Kadhi na Tume ya Wakfu.

Na nyumba aliyompa binti yake akiwa hai?

Kama ni hiba iliyotimia, yaani alitoa akiwa mzima na binti akaishika, ni yake, haimo. Kama alitoa akiwa kwenye ugonjwa uliomchukua, inatazamwa kama wasia, na wasia kwa mrithi hausimami mpaka wengine waridhie. Kama alisema tu "hii nitampa fulani" na akaendelea kukusanya kodi mwenyewe, hapo kuna maneno matupu. Mthamini hawezi kuwaamulia hili, lakini anaweza kuitolea nyumba hiyo bei yake mbali, ili Kadhi akiamua vyovyote msianze upya.

Nimekarabati nyumba kwa pesa zangu baada ya baba kufa. Zitahesabiwa?

Ziombe zihesabiwe, na uwe na risiti. Mwambieni mthamini atoe bei mbili: nyumba ilivyo leo, na nyumba ingekuwaje bila kazi yako. Tofauti kati ya bei hizo na pesa ulizotoa si kitu kimoja. Mtu anaweza kutia milioni 2 kwenye vigae vinavyoteleza ambavyo mnunuzi atavibandua, na mwingine akabadilisha boriti za chumba kimoja kwa pesa ndogo na kuokoa ghorofa nzima.

Na upande wa pili wa daftari: kama umekuwa ukikodisha sabule kwa wageni tangu baba afariki, kodi ile ni ya warithi wote kwa mafungu yao. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wekeni vyote viwili mezani siku moja, ukarabati na kodi.

Vitu vya ndani je? Dhahabu, mlango, jahazi, punda?

Vyote ni mali, hata punda. Mfugaji yeyote atakwambia bei ya punda wa kazi. Dhahabu ipelekwe kwa sonara wawili na ipimwe kwa uzani na ubora, ufundi wa kidani uhesabiwe mbali. Lakini kwanza ulizeni ni ya nani. Dhahabu ya mama ni ya mama. Kufa kwa baba hakuigusi. Na kama mahari yake hayakulipwa yote, kilichobaki ni deni, hutoka kabla ya mtu kurithi, pamoja na madeni mengine. Kwa Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, na Lamu ni Mashafii, zaka na hija iliyomlazimu marehemu akafa hajaitekeleza nazo hutolewa humo.

Jahazi na mashua: umri wa mbao, tanga, mashine na leseni. Mwiteni fundi wa vyombo wa Matondoni aitazame ikiwa juu ya mchanga, si ndani ya maji.

Viti vya enzi, sahani za kaure, makasha na milango ya nakshi ndivyo vinavyopotea kwanza. Vipigeni picha na kuviandika wiki ile ile, kabla mtu hajasema "huu aliniahidi mimi". Mlango ulioshika ukutani ni sehemu ya nyumba. Ukiung'oa na kuuza, umepunguza thamani ya wote. Na vitu vya kale kuvitoa nje ya nchi kunataka kibali.

Tuna shamba bara, Hindi. Linahesabiwa vipi?

Ardhi kwa ekari, kwa kutazama barabara, maji na hati. Miti huhesabiwa mmoja mmoja, minazi na miembe inayozaa mbali na michanga. Pwani yetu mtu anaweza kuwa na minazi juu ya ardhi ya mwingine, kwa hiyo semeni wazi: marehemu alikuwa na ardhi, miti, au vyote? Uliza pia kama ni plot ya skimu ya makazi iliyolipiwa ikamalizika au bado ina deni la serikali. Tangu habari za LAPSSET, ule mradi mkubwa wa bandari ya Lamu na barabara zake, zianze, bei za upande ule zimejaa maneno ya madalali, basi msishangae mthamini akitoa bei iliyo chini ya mnayoyasikia barazani.

Ardhi ya kilimo kumfikia mrithi kwa mirathi hakuhitaji idhini ya bodi ya ardhi. Lakini mkitaka kuikata vipande, idhini inahitajika.

Baba alikuwa na nyumba Malindi juu ya ardhi ya mtu mwingine.

Hiyo ni nyumba bila ardhi, na kwa watu wa pwani ni jambo la kawaida. Kinachothaminiwa ni jengo na haki ya kukaa pale, si kiwanja. Tafuteni risiti za kodi ya ardhi aliyokuwa akimlipa mwenyewe, na karatasi ya makubaliano kama ipo. Bila hizo bei hushuka sana, maana mnunuzi ananunua kuta zinazoweza kuambiwa ziondoke.

Ndugu yetu yuko Maskati na ana pasi ya Omani. Anarithi?

Anarithi. Ila Katiba ya 2010, kifungu cha 65, haimruhusu asiye raia kushika ardhi kwa zaidi ya miaka 99 ya kukodi, hata kama hati ilikuwa ya milele. Mara nyingi rahisi kwake ni kulipwa fungu lake kwa pesa, na hapo ripoti ndiyo macho yake, kwa sababu hawezi kuja kuona. Mtumieni nzima, si ukurasa wa mwisho wenye bei.

Kuna ushuru wa kurithi?

Kenya iliufuta mwaka 1982. Mali kuhama kutoka kwa marehemu kwenda kwa warithi hakutozwi ushuru wa stempu. Mkiuza kwa mtu wa nje ndipo kuna hesabu: mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, 4 kwa mia mijini na 2 kwa mia mashambani, na muuzaji hutazamwa kwa kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni 15 kwa mia. Kuna msamaha kwa ardhi inayouzwa katika kusimamia mali ya marehemu ikiwa mauzo yamekamilika ndani ya miaka 2 tangu kifo, na kama kulikuwa na kesi, miaka 2 tangu kesi iishe. Sababu nyingine ya kutolala.

Mrithi akichukua fungu la mwenzake kwa pesa, muulizeni wakili kabla hamjaandika neno "mauzo" kwenye karatasi.

Sisi ni Wakristo wa Mpeketoni. Kwa Kadhi hatuendi.

Sahihi. Mahakama ya Kadhi, kwa kifungu cha 170 cha Katiba, ni ya pale ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Nyinyi mnafuata Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Kama hakuna wosia, mjane aliye na watoto anapata vyombo vya nyumbani na haki ya kuitumia mali iliyobaki maisha yake, kisha watoto hugawana sawa, wa kiume na wa kike.

Kwenu thamani huingia mapema zaidi, kwani katika maombi mnaorodhesha mali pamoja na makadirio yake. Makadirio hayo huamua mlango wa kuingilia: hakimu mkuu mwisho wake ni mali ya shilingi milioni 20, ikizidi ni Mahakama Kuu, ya karibu ikiwa Garsen. Msishushe bei ili mbaki kwa hakimu. Akiibuka mtu mwenye kinyongo, mtarudishwa mwanzo. Barua ya usimamizi ikitoka, kwa kawaida ni miezi 6 kabla ya kuthibitishwa, muda wa kutosha kuleta ripoti kamili. Wakiwemo watoto chini ya miaka 18, wasimamizi wasipungue wawili.

Ripoti imekuja na dada yetu anaikataa.

Aulizwe anakataa nini. Mara nyingine ana haki: vipimo vimekosewa, chumba kimesahauliwa, nyumba zilizolinganishwa ni za mtaa mwingine. Andikeni hayo, mthamini ajibu kwa maandishi, na akikosea arekebishe. Akiendelea kukataa, alete mthamini wake. Bei mbili hizo zikipatana karibu, gawanyeni tofauti. Zikiachana kama mbingu na ardhi, ombeni mahakama iteue wa tatu. Na kuna dawa ya zamani isiyohitaji mthamini: anayesema nyumba ni milioni 10 aulizwe, "utaniuzia mimi fungu lako kwa hesabu hiyo?"

Mama yuko edani. Mthamini anaweza kuingia nyumbani?

Eda ni miezi minne na siku kumi, na mama ana haki ya kutulia katika nyumba aliyofiwa. Kama hakuna tarehe ya mahakama inayowakimbiza, ngojeni iishe. Nyumba haiendi popote. Kama ni lazima, aje asubuhi, aongozwe na mmoja wa wana wa nyumba, aanze na daka, kiwanda na vyumba vya nje, na akifika ndani mama ahamie chumba kingine na mabinti zake mpaka upimaji uishe. Mwambieni mama siku moja kabla, na mwambieni ni nani anakuja na kwa nini. Wako waliosikia sauti ya mgeni akitaja mita na bei sebuleni, mumewe hajamaliza mwezi, na hawajalisahau.